Sufuria la Nyumba Nane

Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Aliyekaa pembeni asogee katikati. Habari hii ina watu watatu na mwiko mmoja, na atakayepitwa na kipande kimoja atatoa hukumu ya kombo.

Katika mji wa Kwedihalo, mji mdogo ambao treni ya mizigo hupita bila kusimama, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Mwantumu alijaliwa macho. Alipika vitumbua njia panda, na kila aliyepita mbele ya jiko lake alibaki kichwani mwake: kandambili zake, kovu lake, namna anavyotupa mkono akitembea. "Usinidanganye," angemwambia mteja, "wewe ulipita hapa mwezi wa Rajabu, na mwavuli uliokuwa nao haukuwa wako." Na ingekuwa kweli.

Fundi Semboja alijaliwa mikono. Kazi yake ilikuwa kutia bati vyombo vya shaba, yaani kuyeyusha bati jeupe na kulipaka ndani ya chombo ili chakula kisiwadhuru walaji. Chombo kikishapita mikononi mwake mara moja, mikono ilikikumbuka hata kama macho yamesahau.

Kabula alijaliwa ubishi. Si ule ubishi wa kupayuka. Alikuwa mgeni, Mnyamwezi wa upande wa Tabora, mpimaji wa mizani katika yadi ya chuma chakavu ya Bwana Mleli. Akisema hapana, aliisema kwa upole, tena akicheka, na hapana hiyo haikuondoka mahali pake.

Yupo na wa nne, Bi Siwatu. Yeye hakufanya jambo lolote la kusifiwa katika habari hii. Yeye ndiye aliyekosea, na ndiye anayetakiwa kuamua.

Kwanza jueni sufuria lenyewe. Lilikuwa la shaba nyekundu, pana kiasi kwamba mtu mzima akilikumbatia vidole vyake havikutani. Lilifuliwa mwaka wa nzige, siyo mwaka uliofuata kama wengine wanavyosema, kwa shaba iliyotolewa na nyumba nane za ukoo mmoja: bangili, mabuli, sinia, vikuku vya miguuni. Mishikio yake miwili ilishikiliwa na ribiti nane, yaani misumari iliyopondwa ncha, nne kila upande, ribiti moja kwa kila nyumba. Saba zilikuwa za shaba. Ya nane ilikuwa ya chuma, kwa sababu nyumba ya Bi Hamida haikuwa na shaba mwaka ule. Waling'oa msumari kwenye fremu ya mlango wao, wakauleta. Haukukataliwa. Kila ribiti iliitwa kwa jina la nyumba yake, na aliyebaki kuyajua majina yote nane kwa mpangilio wake alikuwa Bi Siwatu peke yake.

Kila harusi, kila msiba, kila hitima ya nyumba hizo na za majirani, pilau lilipikwa humo. Mtunzaji wake aliitwa mshika mwiko, kwa kuwa alikabidhiwa mwiko mkubwa wa mninga uliokwenda pamoja na sufuria. Mwiko huo haukurithiwa kwa kuzaliwa. Ulipewa aliyeliokoa sufuria. Nyanya yake Bi Siwatu aliupata kwa kulifukia sufuria katika shamba la mihogo wakati wa vita, askari walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya shaba. Bi Siwatu aliupata mwaka ule jiko la uani lilipoungua. Aliingia akalitoa kwa mikono mitupu, na kiganja chake cha kushoto hadi leo hakikunjuki sawasawa.

Mara moja tu ukoo uliwapa mwiko watu wawili kwa pamoja, dada wawili waliopendana sana. Kila mmoja akadhani sufuria liko kwa mwenzake. Likakaa miezi minane kwa mtu aliyeliazima, bata wanaogea humo. Tangu hapo ikasemwa: mwiko mmoja, mkono mmoja.

Ilikuwapo na kanuni nyingine, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu akija kuazima sufuria kwa ajili ya msiba, haulizwi ni nani aliyekufa. Zamani waliuliza. Kisha siku moja mshika mwiko mmoja, Bi Mwanakombo, aliuliza pale mlangoni, "Nani?" naye mwazimaji hakujua anaongea na nani, akamjibu. Aliyekufa alikuwa binti yake Bi Mwanakombo mwenyewe, kwa uzazi, kijiji cha pili. Alianguka na mwiko mkononi, na alipoinuliwa hakuwa tena mtu yule yule. Basi ukoo ukakubaliana: jina la maiti lina mjumbe wake. Anayekuja kuchukua sufuria amekuja kuchukua sufuria tu. Akisema "Tumefiwa," unasema "Poleni," unampa, unafunga mdomo.

Jumapili moja asubuhi mtu alibisha hodi kwa Bi Siwatu. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia kichwani, macho chini.

"Tumefiwa, bibi."

"Poleni sana, baba."

Bi Siwatu hakumfahamu, lakini ukoo ule una wakwe hadi Handeni, nani angewamaliza kuwajua? Alimwonyesha sufuria lilipo. Akamsaidia kulishika mshikio mmoja, yeye na kile kiganja chake. Akamtafutia na kipande cha khanga cha kuzuia lisijigonge njiani. Mtu yule alilipakia kwenye guta lake, ile baiskeli ya matairi matatu yenye kitanda cha mizigo, akageuka.

"Mungu akulipe, bibi."

"Amina," akasema Bi Siwatu.

Na katika yote yaliyomuuma baadaye, ile Amina ndiyo iliyomuuma zaidi.

Adhuhuri ikapita bila mjumbe. Alasiri ikafika. Bi Siwatu alikuwa ameshafunga ushungi wake wa msibani, amekaa barazani, anangoja kuambiwa aende wapi. Akaja Mwantumu, mikono bado ina unga.

"Shangazi, kwani nani amefiwa?"

"Sijaambiwa. Wameshakuja kuchukua sufuria."

"Mwenye kanzu? Mwenye guta la tairi moja jekundu?"

"Tairi sikuliangalia, mwanangu. Mtu kafiwa, niangalie matairi?"

Mwantumu akakaa chini bila kukaribishwa. "Shangazi, lilikuwa limekaa mdomo juu."

Bi Siwatu akaufungua ushungi wake. Katika nyumba zile nane, sufuria linalokwenda harusini hupakiwa mdomo juu, na linalokwenda msibani hupakiwa mdomo chini. Hata mkwe wa jana hulifahamu hilo, lakini asubuhi ile macho ya Bi Siwatu yalikuwa kwa mfiwa, si kwa sufuria.

Sasa sikilizeni alichofanya Mwantumu. Jumatatu hakupika kitumbua hata kimoja. Alikaa njia panda pale pale, jiko limepoa mbele yake, wateja wanamtania, "Leo tunakula upepo, mama?" naye macho yako barabarani. Alikuwa akingoja tairi moja jekundu. Saa sita mchana likapita, safari hii limebeba mabati ya paa la mtu. Alilifuata kwa miguu, kandokando ya reli, akapita katikati ya mkonge unaochoma, hadi kwenye yadi ya Bwana Mleli. Akachungulia penye tundu la ukuta wa mabati. Sufuria la nyumba nane lilikuwa humo, juu ya mafiga, limejaa maharage yanayochemka. Isingekuwa macho ya Mwantumu, hakuna ambaye angejua pa kulitafuta.

Na sikilizeni alichofanya Kabula. Siku hiyo ya Jumapili, mtu wa kanzu alipolishusha mbele ya mizani, Kabula alilipima kama alivyopima kila kitu, na Bwana Mleli akalinunua bila kuuliza limetoka wapi. Kisha Bwana Mleli akawaita waponda shaba. Lori la mjini lilikuwa linakuja Jumatano, na shaba haipakiwi ikiwa na umbo. Hupondwa ikawa bapa, ikatiwa kwenye magunia. Lakini Kabula alikuwa ameinama, ameona masizi chini yake. Masizi mazito, ya miaka. Hiki si chombo kilichotupwa, alijiambia. Hiki jana kilikuwa jikoni.

"Bosi," akasema, "leo nawapikia watu maharage."

"Pikia kwenye debe lako."

"Debe linavuja. Nipikie humu, yakiiva mponde."

Waponda shaba walikuwa na njaa, wakaunga mkono. Kabula akawasha moto. Jioni Bwana Mleli akauliza kama yameiva. Bado. Jumatatu akauliza tena, nyundo i mkononi.

"Maharage gani haya yasiyoiva tangu jana?"

"Ya ghala, bosi. Magumu kama moyo wa mtu." Na huku anaongeza maji, na huku anawagawia wanaume yale yaliyokwisha kuiva, na kumimina mengine mabichi juu yake. Watu waliokuwa wakila humo wakaona haya kulipiga nyundo. Mchana ule ule Mwantumu alipochungulia tunduni, Kabula alimwona. Hakupiga kelele. Alikwenda penye tundu, akasema kwa sauti ndogo, "Kama ni lenu, njooni na mtu wa serikali, na njooni kesho. Maharage yangu hayafiki Jumatano." Isingekuwa ubishi wa Kabula, Mwantumu angekuta gunia.

Na Fundi Semboja? Jumanne Bi Siwatu, Mwantumu na mtendaji wa kata walifika yadini, na Bwana Mleli hakuwa mpole.

"Masufuria yote ya shaba yanafanana," alisema. "Nimenunua kwa mwenyewe. Mama huyu ana hati ya sufuria?"

Hati! Bi Siwatu akafungua mdomo atoe majina ya ribiti, na majina yakamkimbia. Alikuwa na hofu, na jua lilikuwa kali, na mbele ya macho yake kulikuwa na milima ya chuma: mageti, vitanda vya hospitali, nguzo za barabarani, uzio wa kaburi la mtu. Mtendaji akaanza kukunja daftari lake. Hapo Fundi Semboja, aliyekuwa amechelewa kwa sababu ya goti lake, akasimama nje ya geti, akalipa sufuria kisogo.

"Mtendaji, lishike wewe. Mshikio wa kulia una ribiti nne za shaba. Wa kushoto una tatu za shaba na moja ya chuma, ya tatu kutoka juu, kichwa chake kimepinda kuelekea mdomo wa sufuria. Ndani, kwenye kitako, chini ya bati, kuna kiraka cha ukubwa wa jani la mkunazi. Hukioni kwa macho. Mwaga maharage, ukwangue kwa kisu."

Wakamwaga maharage. Mtendaji akakwangua bati, na kiraka kikatokea.

"Nilikitia mimi," akasema Semboja, bado amegeuka nyuma, "na lilipopasuka ilikuwa harusi ya Mwantumu huyu. Wali uliungua."

"Ulisema haukuungua!" Mwantumu akasema.

"Ulikuwa bi harusi. Ningekwambiaje?"

Isingekuwa mikono ya Semboja, wangeliona sufuria lao kwa macho na kuliacha pale pale. Mtu wa kanzu hakuonekana tena Kwedihalo. Jina aliloandikisha yadini lilikuwa la mtu aliyekufa zamani. Sufuria likarudi likiwa limepakiwa juu ya mkokoteni, na kwa kuwa hakuna aliyejua lipakiwe vipi, mdomo juu au mdomo chini, walililaza ubavu.

Kama ingeishia hapo, kazi ya Bi Siwatu ingekuwa ngumu kiasi. Lakini alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo kwamba mkono uliotoa sufuria kwa mwizi hautashika mwiko tena, na kwamba siku ya Ijumaa, kwenye hitima ya marehemu kaka yake, ataukabidhi kwa aliyeliokoa. Na kati ya Jumatano na Ijumaa, wale watu watatu walikuja kwake, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja na neno lililomkaa kooni.

Mwantumu alikuja akilia. "Shangazi, niliona asubuhi ile ile. Liliponipita mdomo juu nilijua pana kasoro. Nikaona haya kumsimamisha mtu mwenye msiba. Nikakaa kimya hadi alasiri. Ningepiga ukelele tu, vijana wa bodaboda wangelizuia hapo hapo."

Semboja alikuja akakaa, akisugua goti. "Dada, wiki iliyopita nilipokuwa nalitia bati uani kwangu, alipita mtu wa kanzu. Akaniuliza, 'Fundi, hii ni shaba tupu?' Nami kwa majivuno yangu nikamwambia, shaba tupu, mkoa mzima hakuna kama hii. Nikamwambia na linakotunzwa. Akaniuliza watu hulipataje, nikamweleza habari ya kutouliza jina. Nilimweleza kama hadithi nzuri."

Kabula hakulia wala hakusugua goti. Alikuja na maharage kwenye kibakuli, salamu ya mtani, kwa maana watu wa kwao na watu wa Kwedihalo wanataniana tangu enzi za misafara.

"Nyie mnazika watu wenu kwa uvivu," akasema. "Sufuria linatoka, hakuna anayelisindikiza. Kwetu hata kuku wa msiba ana mtu wake."

Bi Siwatu akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Kisha Kabula akaweka kibakuli chini.

"Mama, mimi ndiye niliyelipima. Mjue hilo. Na si hilo tu. Mpini wa pampu ya kisima cha shuleni ulipita kwangu mwaka jana; niliupima, nikafunga jicho. Mwezi mzima nilichota maji mtoni na ndoo kichwani, mimi niliyeupima. Ndipo nikaapa kwamba kitu cha watu hakitapondwa tena mbele yangu. Lakini vilivyopita kabla ya kiapo ni vingi, sitawadanganya."

Alipoondoka, Bi Siwatu alibaki na kibakuli cha maharage na kichwa kizito. Alijaribu kuwapanga kwa wakati: nani aliyetangulia? Kabula, kwa kuwa bila yeye wengine wangekuta bapa. Akaridhika, akainuka. Kabla hajafika mlangoni akasimama. Lakini bila Mwantumu, Kabula angemrudishia nani? Maharage yangeisha Jumatano, na nyundo ingeshuka. Akajaribu kuwapanga kwa taabu: goti la Semboja, miiba ya mkonge, kazi ya Kabula iliyokuwa rehani. Hakupata mizani ya kupimia taabu. Akajaribu kwa makosa, aondoe mwenye kosa kubwa. Aliyenyamaza, aliyejisifu, aliyepima. Kila alipomwondoa mmoja, alikumbuka kwamba mkubwa wa makosa ni yeye mwenyewe, aliyeitikia Amina. Akalala chali sakafuni mchana kweupe, karibu na sufuria, akapitisha kidole kwenye ribiti. Moja, mbili, tatu, nne. Akazunguka upande wa pili. Ile ya chuma ilikuwa baridi kuliko nyingine, au alidhani hivyo. Majina yalikuwa yamerudi yote. Hayakumsaidia.

Ijumaa baada ya sala ukoo ulijaa uani. Baba mdogo Kilua, ambaye hutangulia kusema katika kila jambo, alitangulia.

"Hapa pana nini cha kufikiri? Mwiko ni wa ukoo. Huyo dada wa yadini tumshukuru, tumpe khanga, aende."

"Kanuni inasema aliyeliokoa," akasema Bi Siwatu. "Haisemi damu."

"Haisemi kwa sababu hakuna aliyefikiria mgeni angeliokoa!"

"Na msumari wa Bi Hamida? Ulikuwa shaba?"

Bi Siwatu akawageukia wale watatu, waliokuwa wamesimama mbele ya sufuria kama watu wanaopigwa picha wasiopenda.

"Niambieni jambo moja tu," akasema. "Aliyeiba alipitia kwenye adabu yetu. Atakayefuata atapitia hapo hapo. Nikikupa mwiko, utalilinda vipi?"

Mwantumu akajibu kwanza. "Nitauliza, shangazi. Mtu akija akasema amefiwa, nitamtazama usoni, nitamuuliza nani. Akiwa mkweli atanijibu. Akiwa mwizi nitamjua kabla hajajibu."

Minong'ono ikapita kwa wazee. Mmoja akasema kwa sauti, "Na ikiwa jibu ni mwanao?"

Semboja akasema, "Mimi sitauliza. Nitachukua patasi, nichonge majina ya nyumba zote nane ubavuni mwake, kwa herufi kubwa, kina cha kuonekana. Sufuria lenye majina ya watu halinunuliwi. Kila mwenye mizani ataogopa kulipokea. Adabu yetu ibaki ilivyo."

Bi Siwatu akazitazama ribiti. Majina yale yalitoka kwenye mdomo yakaingia kwenye sikio, tangu mwaka wa nzige. Yakichongwa, hakuna atakayehitaji kuyakumbuka. Na asipochonga mtu, yeye akifa Alhamisi, Ijumaa hakuna anayeyajua.

Kabula akasema mwisho. "Mimi sijui adabu yenu wala sitaichonga. Atakayeiba lazima auze, na akiuza lazima apite kwenye mizani. Nimeshazungumza na wapimaji wa yadi zote tatu za kando ya reli. Chombo chenye masizi, mpini wa pampu, kifuniko cha shimo la barabarani, uzio wa kaburi: hatupokei mpaka mtendaji aandike barua. Bosi akifoka, tutapika maharage. Likae kwenu au kwangu, mlango wa kuibia uwe wazi, lakini mlango wa kuuzia nitaukalia mimi."

"Na ukihama?" akauliza Kilua.

"Na wewe ukifa?" akajibu Kabula, na uani mzima ukacheka, kwa kuwa mtani hana kosa.

Bi Siwatu alinyanyua mwiko. Kicheko kikaisha. Alimtazama Mwantumu, na mkono ukaelekea kwake. Alimwona Semboja, mkono ukasita. Akamwona Kabula, aliyekuwa ameanza kurudi nyuma hatua moja, kama mtu anayejua kwamba atashukuriwa na kupewa khanga. Mwiko ulikuwa mzito kwa kile kiganja kisichokunjuka. Akataka kuuliza mtu, na wote wa kuulizwa walikuwa wamekwisha kuzikwa kwa pilau la sufuria lile lile.

Hapo mtu akabisha hodi mlangoni.

Sauti ilikuwa ngeni. Haikuwa ya mtaa ule. Uani kila mmoja akamtazama mwenziwe, na kila mmoja akahesabu kimoyomoyo watu wake waliokuwa mbali.

"Hodi wenyewe," ikasema tena. "Tumefiwa. Tunaomba sufuria."

Mwenye kumjibu mgeni ni mshika mwiko, hakuna mwingine. Bi Siwatu alikuwa ameapa kwamba si yeye tena. Akimpa Mwantumu, mgeni ataulizwa nani, na jina litatamkwa mbele ya watu wote wale. Akimpa Semboja, mgeni ataambiwa poleni, na atangoja patasi ifanye kazi yake. Akimpa Kabula, sufuria litatoka saa hii hii, bila swali, likaishi kwa kutegemea mizani ya kando ya reli. Watatu hao waliliokoa pamoja, na akikosekana mmoja lisingekuwapo hapo likaombwa.

Bi Siwatu bado amesimama, mwiko juu, mdomo wazi. Hadithi imemwacha hapo, na mimi siwezi kumsogeza.

Basi nyinyi mliosikiliza, wakubwa kwa wadogo: je, wewe ungeamua vipi? Mwiko ungempa nani kati ya watatu, na huyo uliyempa angemjibu nini aliyesimama mlangoni?

Amueni upesi. Huenda kweli wamefiwa.